Mkono wa Pweza Shingoni mwa Rajabu

Masese, Jinja
Jumatatu, mchana

Zainabu mdogo wangu,

Salamu kwanza, uongo wa pili, ukweli wa mwisho. Hiyo ndiyo foleni ya barua hii, usiruke mstari. Assalamu alaikum, wewe na wote wanaokunywa chai ya mkono wako. Goti lako je, lile linalojua mvua kabla ya redio? Na shemeji yangu Yusufu, bado anakoroma hata akiwa macho? Mimi niko mzima. Macho yameenda, meno yameenda, mgongo uko njiani unaenda, na mkono wa kulia unatetemeka kama mtu aliyeitwa polisi. Vilivyobaki ni vizima, namshukuru Mungu, ingawa nikivihesabu sivioni.

Sasa weka miwani vizuri. Zainabu, mimi nimeiona bahari. Kaka yako Khamisi, ambaye Baba alisema hatafika hata Tororo, ameiona bahari yote, buluu, mpaka mwisho wake, na pweza nimemgusa kwa kidole hiki hiki kilichoshika kalamu. Waambie wanawake wa kisimani. Mwambie hata yule jirani yako aliyekwenda Hija akarudi akatuona sisi wengine wote ni vumbi.

Umeshawaambia? Basi rudi ukawaambie si kweli. Bahari niliyoiona ina upana wa magunia mawili ya sukari yaliyoshonwa pamoja, na pweza nilipomgusa alikuwa bado mbichi, rangi ikanishika kidoleni, nikagombezwa na binti ambaye ni sawa na mjukuu wangu. Hiyo ndiyo safari yangu ya baharini. Na kwa sababu ya bahari hiyo uso wa ndugu yetu Rajabu haujafika kwako, na Hadija anaolewa baada ya Idi, na mimi nina hasira. Ngoja nikueleze. Usinihukumu katikati, nihukumu mwishoni kama watu wenye adabu.

Barua yako ya mwezi uliopita niliisoma mara tatu. Uliandika kwamba Hadija uliyemlea alikuuliza baba yake alikuwa na sura gani, ukamjibu alikuwa mzuri, naye akakwambia, "Mama, kila marehemu ni mzuri. Mimi nauliza sura." Nilicheka. Huyo ni mtoto wa Rajabu kweli, hana haja ya picha kuthibitisha. Halafu uliandika: Khamisi, wewe ndiye uliyekuwa mchoraji, tuchoree ndugu yetu kabla mtoto hajatoka nyumbani. Basi. Hukuandika neno juu ya picha zilizoungua. Miaka kumi na tano hujaliandika wala kulisema. Ungenitukana ningepumzika.

Nitasema mimi. Wakombozi walipokuwa wamempindua afande rais na wanakaribia Mbale, mizinga inasikika mpaka vikombe vinacheza kabatini, watu walisema jeshi la afande lilijaa Wanubi, na nyumba ya Mnubi ikikutwa na picha ya mtu wa magwanda, wote walioko ndani wanatolewa nje wakiwa wamebebwa. Nikakusanya. Baba na ile kofia yake ya jeshi la Mwingereza. Rajabu katika sare ya bendi, tarumbeta ameikumbatia kama mtoto mchanga. Kijana hakupiga risasi hata moja maishani mwake, alipiga tarumbeta tu, lakini nguo ilikuwa ile ile. Nikazichoma jikoni, na kwa kuwa mkaa ulikuwa adimu nikateleka sufuria juu ya moto huo, nichemshe chai. Chai haikuchemka. Iliishia uvuguvugu, nikainywa hivyo hivyo. Askari walipofika walisimama mlangoni, wakaomba maji, wakasema ahsante mzee, wakaenda zao. Hawakutia hata mguu ndani.

Na juma lile lile Rajabu alitoka kutafuta chumvi. Hakurudi. Tuliambiwa, mimi na wewe, ilikuwa panga na lilipita wapi, na hatukulisema tena. Hata hapa silisemi. Nimelitaja tu kwa sababu utalihitaji mbele.

Basi barua yako ilinikuta na mkono huu. Zamani ningemchora Rajabu kwa dakika kumi, na kibao cha kinyozi cha kuongezea. Siku hizi nikishika brashi nichore mtu, anatoka mbuzi. Nikichora mbuzi anatoka mlima Wanale wenyewe. Ikabidi nimtafute mwenye mkono. Hapo ndipo alipoingia Babirye na wanyama wake.

Babirye ni Msoga wa Budondo. Anafundisha kuchora katika shule moja huku mjini, na mshahara ukichelewa huja kunywa chai kwangu, kwa hiyo tunaonana sana. Chumba chake na changu vimeshiriki ukuta mmoja. Mimi humtengenezea magunia: nafua, nashona, nayavuta kwenye mbao mpaka yanalia kama ngoma, napaka gundi ya muhogo na chokaa. Yeye huchora juu yake. Tukapatana: magunia yangu, uso wa ndugu yangu.

Sasa tatizo. Huyu binti hachori mtu peke yake. Amesoma chuo kikuu Kampala, na huko, ninavyoelewa, walimfundisha kwamba mtu peke yake hatoshi. Kila anayemchora anamtia kiumbe cha baharini. Ana mwanamke mwenye sura nzuri kabisa, vazi lake la gomesi, mshipi wake, halafu mikononi, badala ya vidole, magando ya kaa. Ana bibi kizee anayerudi kwao baada ya vita, mgongoni amebeba mabati ya nyumba, ukitazama vizuri mabati yamekuwa gamba la kasa. Na bahari yenyewe hajaiona! Viumbe vyote amevitoa katika kitabu kimoja cha shule kilichoraruka, kisicho na rangi wala kipimo, ndiyo maana kaa wake ni mkubwa kama mbuzi na pweza wake ana rangi ya tope la Masese.

Nilimwambia mapema, ili tusije tukagombana. "Nataka uso wa mtu. Masikio mawili, pua moja. Usiniletee wadudu wako."

"Si wadudu, Jaja." Ndivyo anavyoniita, babu.

"Kaa ni nini basi?"

"Kaa ni mama yangu," akasema. "Enzi za rodibloki, askari kila njia, nani alikwenda mbele moja kwa moja? Mama alitoka Busia upande upande, na sabuni amezifunga kiunoni, mpaka akafika. Sisi tumesomeshwa na sabuni hizo."

Mimi unanijua, kunyamaza kunaniwasha. Nikamuuliza kwa nini anakwenda kuazima wanyama wa watu wa Mombasa na sisi tuna ziwa zima hapa mlangoni. Sangara yuko, ngege yuko, kambare yuko na ndevu zake kama sheikh. Mchore Rajabu na ngege, nikamwambia, angalau alikula ngege.

Akaweka brashi chini. "Jaja, wewe mwenyewe unakula ngege siku hizi?"

Zainabu, sili. Hakuna anayekula huku. Enzi za afande ziwa lililishwa watu, sote tunajua, tukaacha samaki, tukarudi polepole, tukasahau. Sasa juzi mto umeleta tena maiti, hawa wa vita vya majirani, na wavuvi wa Masese wanakaa juu ya mitumbwi iliyopinduliwa wanacheza bao la mweso, kwa sababu hata mukene, dagaa wetu, ukiwapa bure watu wanageuza uso.

"Nikimweka mtu na ngege," akasema Babirye, "watu hawamwoni mtu. Wanaona sahani, halafu wanaona yale mengine. Bahari ni maji ambayo sisi hatuna maiti ndani yake."

"Una hakika hakuna?"

"Wako wa wenzetu. Wenyewe wanajua wachore nini."

Hapo ukiniuliza, nilishindwa. Lakini kushindwa si kukubali.

Kumchagulia Rajabu pweza ndiko kulikoniudhi zaidi. Nikamwuliza pweza wa nini, ndugu yangu alikuwa na mikono miwili na yote ilikuwa kwenye tarumbeta. Akasema kitabu kinaeleza kwamba pweza akiogopa anabadili rangi, anafanana na jiwe lililo karibu naye. Akasema, "Watu wenu hawakufanya hivyo?"

Nilitaka kumjibu vibaya, nikakumbuka rodibloki ile ya kutoka Mbale, siku ninakimbilia huku. Nilikuwa nimevaa kanzu kuukuu ya Yusufu, nikasema mimi Mgisu. Kijana mmoja wa pale akaniuliza nilitahiriwa mwaka gani. Nami mtoto wa Mbale niliyecheza ngoma za imbalu, jando lao, tangu utotoni, ninayejua kama ninavyojua jina langu kwamba Wagisu hutahiri mwaka unaogawanyika kwa mbili, nikafungua mdomo nikataja mwaka usiogawanyika. Askari wa wakombozi hawakuelewa kitu, lakini vijana wakaanza kusogea. Akasimama bibi mmoja muuza ndizi, akasema, "Mwacheni huyu. Namjua baba yake, mlevi mkubwa. Alimsahau mwaka wenyewe, akamkata mwaka uliofuata." Wakacheka mpaka wakaniachia njia. Bibi yule sijamwona tena. Kwa hiyo pweza wa rangi ya jiwe namjua, nimewahi kuwa yeye, na vibaya, nikakosea rangi. Lakini Rajabu hakubadili rangi. Alikwenda kutafuta chumvi na uso wake mwenyewe. Nikamwambia Babirye: mimi ndiye pweza, yeye mchore mtu.

Akakubali, kwa shingo upande. Tukaanza.

Mimi nakaa juu ya debe, nasema, yeye anachora. Paji la uso, la Baba, pana, la kutundikia nguo. Pua, ya Mama. Masikio, yale yale yako, usikasirike. Nikisema siyo, anachukua kitambaa na mafuta ya taa, anafuta, tunaanza tena. Chumba kizima kinanuka mafuta hayo. Siku ya nne, baada ya alasiri, alikuwa kwenye macho, akavuta mstari mmoja mdogo chini ya jicho, nikapiga kelele. Ndiye! Wallahi alikuwa ananitazama, kama anataka kuniazima viatu. Babirye mwenyewe aliogopa, akaangusha brashi.

Ouma, mvuvi anayekaa mlango wa tatu, akasikia kelele akaja na wenzake wawili, maana hawana kazi. Wakasimama mbele ya magunia wakitazama, kwanza Rajabu, halafu ile picha ya pembeni yake, ambapo Babirye alikuwa anamjaribu pweza.

"Mzee, hii kitu iko na miguu ngapi?" Ouma akauliza.

"Minane."

"Minane, na iko inakaa tu? Mimi niko na miwili na nimefika Kisumu."

"Na hizi mviringo?" akasema mwenzake.

"Vikombe vya chai," Ouma akamjibu. "Si unaona iko nyumbani kwa Mzee Khamisi?"

Wakacheka. Nami nikacheka, nilikuwa na furaha, macho yalikuwa yamepatikana. Ningejua yanayokuja nisingeonyesha fizi zangu kwa kicheko.

Kwa sababu baada ya macho ni mdomo. Nikamwambia Babirye, ndugu yangu akicheka mdomo ulivutwa upande mmoja, tarumbeta ilimfunza hivyo, na shavu la upande huo likaingia kishimo unachoweza kutia punje ya mahindi. Akaniuliza, "Upande gani?"

"Kushoto," nikasema. Sikusita hata kidogo.

Akachora. Akatoka mtu mwingine, mtu wa heshima, ambaye sijawahi kukutana naye. Nikasema basi ni kulia. Akafuta, akachora kulia. Akatoka binamu wa yule wa kwanza.

"Jaja," akaniuliza kwa upole, na huo upole ndio ulioniudhi, "kulia kwake au kulia kwako?"

Zainabu, sikujua. Nikatoka nje nikachukua kioo cha kunyolea, nikasimama mlangoni nikajicheka, mara upande huu, mara upande huu, labda uso wangu ungekumbuka kile kichwa kilichosahau. Nilijicheka muda mrefu. Ouma akapita akaniona, akatupa kasia chini akakimbia akipiga mayowe, "Banange, mzee amepooza!" Wakaja watu na maji ya zamzamu yaliyotoka kwa yule jirani yako wa Hija, wakaninyunyizia mpaka kanzu ikalowa. Nikawaacha wanikande.

Babirye akapendekeza tumlete pweza. Mkono mmoja tu, alisema, upite mdomoni. Mahali tusipojua tufunike, na watu waone kwamba tumefunika. Akasema hiyo si aibu, ndiyo kazi yenyewe. Nikawaka. Nikamwambia mtu wa tarumbeta unamziba mdomo? Hadija aje atazame picha ya baba yake aone amezibwa mdomo na kitu chenye vikombe? Nikamwambia magunia yake akafue mwenyewe. Siku mbili hatukusemeshana, na ukuta wetu ni mwembamba, kila mmoja anasikia mwenzake anavyonuna.

Sasa fika hapa polepole.

Siku ya tatu alikwenda shuleni. Mlango wake hufunga kwa kamba tu, na mimi nilitaka kutazama macho. Nikaingia. Picha ilikuwa imekauka, mdomo mahali pake peupe, chokaa tupu. Nikakaa naye. Nikawaza itakavyotundikwa kwenu, na ukuta pekee wenye nafasi ni ule unaouelekea ukiswali, na wewe hutaweka uso wenye roho mbele ya mswala, nakujua. Nikakumbuka kanuni ya Baba. Unaikumbuka, siku aliyoniruhusu kuchora kibao changu cha kwanza cha kinyozi? "Chora vichwa, Khamisi, lakini kila kichwa ukikate kwa mstari mwembamba shingoni, kisiwe kiumbe kamili. Kichwa kisicho na mstari kitakuja kukudai roho siku ya kiyama." Miaka arobaini nimechora vichwa vya vinyozi, Mbale yote mpaka Soroti, vichwa vya denge, vichwa vya panki, na kila shingo ina mstari wangu. Sikuwa nikifikiri tena. Mkono ulijiendea wenyewe.

Nikachukua brashi nyembamba, nikachovya kwenye nyeusi. Na mkono huu, Zainabu, mkono usioweza kubeba kikombe bila kumwaga, haukutetemeka. Nilivuta mstari shingoni mwa Rajabu kutoka sikio hadi sikio, umenyooka kama uzi wa fundi mwashi. Nikarudi nyuma nikajisifu. Nikasema, mzee bado yumo.

Babirye akaingia na chaki zake mikononi. Akasimama.

"Jaja, umefanya nini?"

"Desturi tu. Ni kwa ajili ya dada yangu, ni mtu wa swala."

"Mtazame," akasema.

Nikamtazama.

Hukuwepo, na nashukuru. Nilikaa juu ya debe. Unaelewa nilichokiona, sina haja ya kukiandika. Mara ya kwanza nilimchoma, mara ya pili nikamfanyia yale yale waliyomfanyia, na mara zote mbili nilikuwa najiona mtu mwangalifu. Nikachukua kitambaa cha mafuta ya taa nikafuta. Rangi ilikuwa imezama kwenye gundi. Kila nilipofuta ilipanuka. Nikafuta zaidi. Babirye akanishika mkono, akasema, "Kale, haya, Jaja, acha. Acha basi." Akanitoa kitambaa vidoleni kimoja kimoja, kama anavyonyang'anywa mtoto kisu.

Alichanganya rangi yake ile ya tope, akaongeza nyekundu kidogo, akasimama mbele ya Rajabu. Pweza akaja. Si wa mdomoni. Alitoka nyuma, mgongoni kwa Rajabu, mwili wake hauonekani, mkono mmoja tu ukapanda juu ya bega, ukazunguka shingo, ukalala pale palipokatwa, na ncha yake ikajikunja chini ya kidevu. Alichora mpaka jua likaanza kushuka upande wa daraja. Mimi sikutia neno, muujiza huo uandike tarehe yake.

Alipomaliza nikaona si kitu kinachomkaba. Ni kama mtoto anayebebwa mgongoni, anavyoshika shingo asianguke. Hivyo hivyo Rajabu alivyokuwa anakushika wewe, Mama alipokufa, ukimbeba kwenda naye sokoni na wewe mwenyewe ni mtoto. Ulikuwa unalalamika, "Khamisi, mwambie asinikabe." Na hivyo hivyo Hadija alivyomshika yeye, wiki ile ya mwisho, kabla hajamshusha chini aende dukani.

Mstari wa Baba uko chini yake. Mungu anauona, na sheikh akitaka akwangue. Wewe swali kwa amani.

Babirye aliniuliza kama bado naona ni mdudu. Nikamwambia ni mdudu, lakini ni mdudu wetu. Sasa anasema hiyo ndiyo kazi yake bora kuliko zote, angependa ipelekwe Kampala kwanza, mwalimu wake wa chuo aione. Nikamwambia mwalimu wake aje aione arusini, achangie na mchele.

Lakini mdomo bado. Pale pamebaki peupe, na mimi kila asubuhi naingia kumwamkia mtu asiye na mdomo, naye ananitazama kwa yale macho, anangoja. Babirye amesubiri, amechoka. Wiki ijayo anahamia shule nyingine Iganga, na rangi zake zinakwenda naye. Nimejaribu kila njia. Nimefumba macho. Nimepiga mluzi ile tuni aliyoipenda. Namsikia akicheka, wallahi namsikia, sauti iko kamili, lakini upande wa kishimo unanikimbia. Wewe ulimbeba mgongoni, ukamlisha, ukamfuta pua. Mimi nilikuwa namchokoza tu, na mchokozaji huwa hatazami vizuri.

Msalimie shemeji Yusufu, mlinzi wangu wa siku ile ya rodibloki, mwambie kanzu yake ninayo bado na sirudishi. Msalimie mwenye Hija, mwambie dua zake za maji ya zamzamu zimefika mpaka Masese, nimeogeshwa. Wasalimie wakwe watarajiwa wa Hadija, uwaambie kwamba upande wa baba wa bibi harusi kuna mzee mmoja muungwana sana; mengine watajua wenyewe. Na Hadija mwenyewe mbusu paji la uso, lile pana la kutundikia nguo.

Barua hii inaletwa na Mama Shamimu, muuza vitunguu, mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu. Anapakia mzigo huko Wanale siku ya Jumatano na kurudi Alhamisi. Usimwache aondoke mikono mitupu.

Kwa sababu nakudai, Zainabu. Unakumbuka sukari ya Baba, ile ya bakuli la wageni? Nani aliilamba mpaka ikabaki alama ya ulimi? Na nani alisema ni mimi, akalala kifudifudi, akachapwa viboko saba vya mkia wa kiboko huku wewe uko nyuma ya mlango na kidevu kinang'aa? Sijawahi kudai. Nadai leo, na deni langu ni neno moja tu. Kishimo kile kilikuwa kulia au kushoto? Kulia kwake yeye, si kwako unayemtazama. Liandike nyuma ya barua hii hii, karatasi ni adimu.

Na kama hukumbuki, usinidanganye kama mimi ninavyowadanganya watu. Andika hukumbuki. Babirye ameniachia ncha ya mkono ule wa pweza haijamalizika, ameiacha chini ya kidevu makusudi, na anasema ikihitajika kupanda mdomoni itapanda. Lakini jaribu kwanza. Funga macho, mbebe tena.

Ndimi kaka yako mwenye viboko saba,
Khamisi